Moyo wa Mtaka Ukasisi

Msomaji, fungua ramani ya Kenya, utafute mji wa Isiolo, kisha upeleke kidole upande wa mashariki kuelekea Garba Tula. Katika nchi hiyo kavu ya Waborana kiko kijiji kiitwacho Rapsu. Wenyeji wake wengi ni Waislamu. Asili yao ni wafugaji, na baadhi yao sasa hulima mashamba ya kumwagilia maji. Wakristo waishio huko ni wachache. Chukulia kwamba kijana mmoja katika hao wachache amekwisha kumaliza masomo ya sekondari, na jioni moja awaambia wazazi wake kwamba ataka kuwa padre. Simjui kijana huyo. Namtunga tu ili unifuate vizuri. Lakini maswali atakayoulizwa si ya kutunga. Ataulizwa ni nani atakayelichukua jina la babaye, kwa kuwa padre wa Kanisa Katoliki haoi. Ataulizwa ni nani atakayeangalia mifugo, maana hana budi kwenda kusoma mbali kwa miaka mingi. Hata hatari itatajwa, kwa kuwa watu wa Isiolo hawajasahau kwamba askofu wao wa kwanza, Luigi Locati, aliyekabidhiwa nchi hiyo ilipotengwa na jimbo la Meru mwaka 1995, aliuawa kwa risasi mjini Isiolo tarehe 14 Julai 2005.

Maswali hayo yakiisha hubaki moja ambalo pengine halisemwi kwa sauti: Je, moyo wake utaweza? Atastahimili upweke? Atalala usingizi? Je, yanayomsukuma ni mapenzi ya kazi yenyewe, au ni huzuni fulani aliyoificha tangu utotoni, au ni hofu ya umaskini? Insha hii yahusu swali hilo, na jinsi lilivyoulizwa, na mara nyingine lilivyoachwa bila kuulizwa, katika historia ya nchi zetu za Afrika ya Mashariki.

Usidhani kwamba ni swali la juzi. Katika karne ya nne Gregori wa Nazianzo, mtu msomi wa Asia Ndogo, alipewa upadre kwa kushurutishwa na babaye, aliyekuwa askofu. Baada ya siku chache alikimbia kwenda kujificha kwa rafiki yake, kisha akarudi, akaandika maneno marefu kueleza kwa nini alikimbia. Yohane Krisostomo naye alitunga kitabu kizima juu ya ukasisi, na ndani yake aeleza jinsi alivyoiogopa kazi hiyo hata akaikwepa. Lakini habari inayonivutia zaidi ni ya Evagrio. Huyu alifanywa shemasi na Gregori yuyo huyo, akasifika sana katika mji wa Konstantinopoli, kisha akampenda mke wa mtu. Akatoroka mjini akaenda Yerusalemu, na huko akashikwa na homa isiyoeleweka. Yasemekana aliugua miezi sita, na waganga walishindwa. Mwanamke mmoja mwenye hekima, jina lake Melania, alishuku kwamba ugonjwa ule haukuwa wa mwili peke yake. Akamketisha, akamwuliza kuna nini, naye akafungua moyo wake. Alipokwisha kusema yote akaanza kupona. Baadaye akaenda kukaa katika jangwa la Misri mpaka kufa kwake mwaka 399, akaandika juu ya maradhi ya nafsi ya wale waishio kwa sala. Aeleza uchovu fulani wa moyo unaomjia mtawa wakati wa adhuhuri: jua laonekana kama limesimama, chumba chamchukiza, mara kwa mara achungulia nje kuona kama kuna mgeni ajaye, na mwisho aona kwamba ndugu zake wote hawampendi. Mwanafunzi aliyepata kukaa darasani saa nane ya mchana wakati wa joto hana haja ya kuelezwa zaidi.

Zikapita karne nyingi. Mwaka 1563 Mtaguso wa Trento uliamuru kila askofu awe na chuo cha kuwalea vijana wanaotaka upadre, na hapo ndipo zilipoanza seminari kama tuzijuavyo. Kijana aliweza kuingia akiwa na umri wa miaka 12. Ukumbuke hesabu hiyo, kwa maana tutairudia.

Katika pwani yetu mambo yalianza kwa namna ya peke yake, kwani wanafunzi wa kwanza wa ukasisi walikuwa watoto wasio na kwao. Mwaka 1864 Sayyid Majid wa Unguja alimpa Askofu Tozer wa misheni ya Waanglikana wavulana watano waliotwaliwa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao ni John Swedi, aliyepewa ushemasi mwaka 1879, na shemasi akabaki. Mwingine aliyetoka katika utumwa ni Cecil Majaliwa, Myao. Yeye alipata upadre mwaka 1890, akawa Mwafrika wa kwanza kuupata katika misheni hiyo, akafanya kazi miaka kadhaa Chitangali, karibu na mto Ruvuma, mahali pasipokuwa na Mzungu wa kukaa naye. Twajua walivyojaribiwa kabla ya kupewa daraja: walitahiniwa katika Maandiko, sala, kusoma na kuandika, tena walitazamwa mwenendo wao. Lakini fikiri, msomaji. Mtoto aliyenyakuliwa kwa mamaye, akatembezwa mpaka pwani, akatiwa katika jahazi, na asijue tena kijiji chake kilikuwa upande gani, huyo ana jambo ndani yake ambalo mtihani wa Maandiko haulifikii. Naona kwamba misheni iliwapa watoto hao mkate, elimu na heshima, na kwa hayo yafaa ishukuriwe. Ila jeraha lile la kwanza liliachwa lijifunge lenyewe.

Nataka tukae zaidi na habari za mtu mmoja, William Jones. Naye alikuwa Myao aliyetekwa udogoni akakombolewa. Alipelekwa Bara Hindi, akalelewa na kufundishwa karibu na mji wa Nashik pamoja na watoto wengine wa Afrika waliookolewa. Mwaka 1864 alirudishwa Afrika, akafika Rabai nyuma ya Mombasa, kumsaidia mmisionari Rebmann. Akafundisha, akahubiri, akaongoza watu. Mwaka 1875 mji wa Frere Town ulipoanzishwa kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, watu wa namna ya Jones ndio waliokuwa daraja kati ya wageni wa Kizungu na wale waliotoka majahazini. Hata hivyo hakupewa daraja takatifu mpaka mwaka 1885, wakati Askofu James Hannington alipomfanya shemasi pamoja na mwenzake Ishmael Semler. Toa hesabu mwenyewe: miaka 21 ya kungoja.

Mwaka huo huo, mwezi Julai, Hannington alianza safari ya kwenda Uganda kwa njia ya nchi ya Wamasai, naye Jones alikuwa pamoja naye na wapagazi wapata 200. Mwezi Oktoba walifika kwa Sundu, mahali paitwapo Mumias siku hizi. Hapo askofu aliwagawa watu. Akatwaa 50 kwenda nao mbele, akamwachia Jones wale wengine wote akae nao mpaka apate habari. Jones akangoja. Tarehe 29 Oktoba 1885 Hannington aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga, na karibu watu wake wote waliuawa pamoja naye. Waliookoka ni wanne tu, nao ndio walioleta habari. Jones hakuziamini mara moja, akazidi kungoja. Mwisho akawakusanya watu wake wenye njaa na hofu, akawaongoza njia yote ya kurudi pwani. Mapema mwaka 1886 msafara uliingia Rabai ukitanguliwa na bendera ya kitambaa cha buluu, na juu yake yameandikwa kwa herufi nyeupe neno moja, Ikabodi. Neno hilo ni la kitabu cha kwanza cha Samweli, jina alilopewa mtoto aliyezaliwa siku ya msiba, maana yake kwamba utukufu umeondoka.

Sijui kama katika habari za misheni za karne ile iko alama ya huzuni iliyo wazi kuliko bendera ile. Mtu aliyekuwa shemasi kwa miezi michache amempoteza askofu wake, ana mizigo ya watu zaidi ya mia mabegani mwake, na hana wa kumwambia yaliyo moyoni. Basi ayashona juu ya kitambaa. Je, alipewa muda wa kupumzika? Alirudi katika kazi ya Rabai, na kazi yenyewe haikuwa nyepesi, kwa maana watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikuwa wakikimbilia kwake, na mabwana wao walikuja kuwadai kwa hasira. Ugomvi huo haukutulia mpaka Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki ilipolipa fidia kwa ajili ya watoro zaidi ya 1,400 walioonekana katika vijiji vya misheni, wakapewa hati za uhuru siku ya kwanza ya mwaka 1889. Jones hakupewa upadre mpaka mwaka 1895. Wako waliosema kwamba kungojewa sana huko kulikuwa kwa ajili ya kuhakikisha uthabiti. Mimi naona kwamba mtu aliyeuleta msafara ule nyumbani alikuwa amekwisha kutahiniwa, na miaka kumi iliyofuata ilipima subira yake ya kudharauliwa tu.

Tutoke pwani twende Uganda, ambako Mapadre Weupe walichagua njia nyingine. Kuanzia mwaka 1893 waliwakusanya wavulana wa Kiganda wawafundishe Kilatini, kisha falsafa, kisha teolojia, wasipunguziwe kitu katika yale yaliyosomwa na vijana wa Ulaya. Askofu Henri Streicher aliishikilia njia hiyo kwa nguvu zake zote, ijapokuwa wengi walimwambia kwamba haiwezekani. Mwaka 1911 seminari kuu ya Katigondo ilifunguliwa karibu na Masaka. Tarehe 29 Juni 1913, huko Villa Maria, Streicher aliwapa upadre Bazilio Lumu na Victor Mukasa Womeraka. Wametoka utoto wakaingia utu uzima wakiwa bado wanafunzi. Safari yao ilikuwa ya miaka ipatayo 20.

Katika wenzao walioanza, wachache sana walifika. Wengine walishindwa na Kilatini, wengine waliitwa nyumbani, na wengi walishindwa na useja. Yafaa tuelewe uzito wa jambo hilo. Katika Buganda ya siku zile mwanamume asiye na mke wala mtoto hakuhesabiwa kuwa mtu kamili; ukoo wake ulimwona kama mti uliokataa kuzaa, na haikuwa ajabu mama kuja kulia mlangoni pa seminari. Waborana wa Rapsu hawangehitaji kufasiriwa kilio hicho. Kijana alivutwa na kamba mbili. Akibaki seminari, aliwavunja moyo wazazi. Akitoka, aliwavunja moyo walezi wake, na tena alirudi kijijini akiwa amechelewa kuoa, amechelewa kulima, na watu wakimcheka kwamba alitaka kuwa Mzungu akashindwa.

Watetezi wa muda ule mrefu husema kwamba wakati ni mpimaji mzuri. Kweli, yako mambo yasiyoonekana siku moja. Kijana aweza kuficha hasira mwaka mzima, lakini miaka kumi haifichi. Lakini urefu wa muda una kasoro moja iliyojificha. Aliyeingia akiwa na miaka 12 au 13 alikuwa ameamua jambo la maisha yake yote kabla hajajijua mwenyewe, na kwa kuwa hakuyajua maisha mengine, aliweza kuchukua mazoea kuwa ni wito. Utulivu wa mtu asiyepata kujaribiwa hufanana sana na utulivu wa mtu aliyeshinda, na mlezi mwenye wanafunzi wengi hawezi kuvitenga kwa macho tu.

Kulikuwa na mzigo mwingine tena, ambao vijana wa Ulaya hawakuuchukua. Joseph Kiwanuka, aliyezaliwa mwaka 1899 akasoma Katigondo, alipata upadre mwaka 1929, akapelekwa Roma akapata shahada ya udaktari katika sheria ya Kanisa, na mwaka 1939 Papa Pio wa Kumi na Mbili alimfanya askofu, akawa Mwafrika wa kwanza katika zama hizi kupewa jimbo la kuliongoza. Masaka yote ilishangilia. Lakini mtu wa namna hiyo hakuweza kukosea kama wengine wakoseavyo. Padre mmoja wa Ulaya akilewa, watu husema fulani ni mlevi. Padre wa kwanza wa Kiafrika akilewa, wangesema Waafrika hawafai. Kuishi miaka na miaka chini ya macho ya namna hiyo ni kazi inayokausha moyo, na Kiwanuka aliichukua mpaka kufa kwake mwaka 1966.

Kenya nayo ina Maurice Otunga. Alizaliwa mwaka 1923, mwana wa chifu wa Wabukusu, Sudi Namachanja, mtu mwenye wake wengi na mamlaka makubwa. Babaye alitaka amrithi kiti, na kijana akakataa. Akaenda kusoma Kakamega, kisha Gaba katika Uganda, kisha Roma, ambako alipewa upadre mwaka 1950. Mwaka 1973 akawa kardinali wa kwanza wa Kenya. Husimuliwa kama habari ya ushujaa, nayo ni ya ushujaa. Ila mimi nafikiri pia usiku wa yule mzee aliyekwisha kumchagua mrithi wake, na usiku wa mwanawe aliyejua kwamba amemwumiza mzee.

Elimu ya saikolojia ilikuwa ikifanya nini wakati huo? Kanisa Katoliki liliitazama kwa shaka. Mwaka 1961 Ofisi Takatifu huko Roma ilitoa onyo kwamba mapadre na watawa wasiende kwa wachambuzi wa nafsi pasipo ruhusa ya mkubwa wao, tena iwe kwa sababu nzito. Shaka hiyo haikuwa ya kipumbavu kabisa, kwa kuwa baadhi ya wachambuzi wa siku zile waliihesabu dini yenyewe kuwa ugonjwa. Lakini upepo uligeuka. Mwaka 1967 Papa Paulo wa Sita, katika waraka wake juu ya useja, alikubali kwamba panapokuwa na mashaka yafaa kumwita daktari au mwanasaikolojia. Mwaka 1992 Yohane Paulo wa Pili aliandika kwamba malezi ya utu ndiyo msingi wa malezi yote ya padre. Na mwaka 2008 Roma ilitoa mwongozo mzima juu ya matumizi ya saikolojia katika kuwapokea na kuwalea wanaotaka upadre.

Mwongozo huo wastahili kusomwa kwa makini. Wasema kwamba mtaalamu aweza kuitwa panapo haja, wala si desturi ya kila siku. Kwamba hawi mmoja wa walezi wa seminari. Na kwamba mwombaji hawezi kulazimishwa. Ridhaa yake iwe wazi na huru, tena itangulie uchunguzi, naye awe amekwisha kuelezwa anachokubali. Yanayosemwa chumbani kwa mtaalamu ni siri, wala askofu hana ruhusa ya kuyajua ila kijana amekubali. Hivi ndivyo kijana aulizwavyo sasa mambo ambayo Jones na Swedi hawakuulizwa: alilelewaje, ni nani aliyekufa nyumbani kwao, akikasirika hufanya nini, ana marafiki wa kweli, huwazaje juu ya ndoa anayoiacha. Makanisa ya Kiprotestanti, ambamo mchungaji huoa, huwa na maswali tofauti kidogo, kwa kuwa humo mke naye huchukua nusu ya mzigo.

Shaka yangu moja ni hii. Vipimo vingi vya saikolojia vilitungwa Ulaya na Marekani kwa watu wa huko. Kijana wa Rapsu huota ndoto kwa Kiborana, hununua na kuuza kwa Kiswahili, na hutahiniwa kwa Kiingereza. Akisema kwamba marehemu babu yake alimjia akamwonya, mpimaji asiyeijua nchi aweza kuandika kwamba nafsi ya kijana ina kasoro, kumbe nyumbani kwao hayo ni mazungumzo ya kawaida ya asubuhi. Akinyamaza mbele ya mkubwa, aweza kudhaniwa ni mtu aliyejifungia, na yeye anaonyesha adabu. Kipimo kizuri chataka mpimaji ajuaye kwao mtu, na watu hao bado ni wachache.

Limebaki kundi moja ambalo vitabu vya historia hulipita mbio, nalo ni la waliorudishwa. Katika Kongo, Joseph Kasa-Vubu alisoma miaka mingi akitazamia upadre. Mwaka 1939, alipokuwa amemaliza falsafa na teolojia inakaribia, aliambiwa kwamba hataendelea. Alifundisha shule, kisha akaingia ofisi ya serikali akawa karani wa fedha. Grégoire Kayibanda wa Rwanda naye alipita katika seminari ya Nyakibanda, akatoka bila upadre, akafanya kazi ya ualimu na ya magazeti. Mwaka 1960 Kasa-Vubu alikuwa rais wa kwanza wa Kongo. Mwaka 1962 Kayibanda alikuwa rais wa Rwanda huru. Hao wawili wanakumbukwa kwa sababu ya yaliyowapata baadaye. Kwa kila mmoja wao walikuwako mamia waliorudi vijijini wakiwa na sanduku la bati, Kilatini kisicho na wa kuzungumza naye, na mwandiko mzuri, uliowapatia ukarani au ukatekista. Walezi wao waliandika katika daftari tarehe ya kutoka, na mara nyingine sababu. Jinsi walivyolala usiku wa kwanza nyumbani haikuandikwa.